Kokeni Haitibiwi kwa Siri

Dodoma ni mji wa vumbi na ukavu. Kiangazi kikikolea, upepo unavuma kutwa, midomo inapasuka, pua zinatoka damu, na hakuna anayeshangaa kumwona jirani akipenga kamasi asubuhi hadi jioni. Ndiyo maana kijana anayenusa kokeni anaweza kuishi kwao muda mrefu, pua inamchuruzika na usiku halali, huku mama yake akiendelea kumnunulia dawa ya mafua. Mshahara ukiisha tarehe 5, inasemwa maisha ya mjini ni ghali. Akianza kuona watu wanaomfuatilia ambao wengine hawawaoni, inasemwa kalogwa. Ukweli hufika mwisho kabisa, wakati mwingine pamoja na polisi mlangoni.

Makala hii ni kwa mzazi, mke, mume, mwenye nyumba, mwenyekiti wa mtaa na dereva wa bodaboda wa Dodoma na mikoa ya kati. Hoja yake ni moja: kokeni humharibu mtu, huuharibu mtaa na huvuruga kesi mahakamani kwa msaada wa wanaoificha, na wengi wao huificha kwa nia njema.

Kwa nini tuizungumze sasa

Tusitishane bure. Kokeni siyo dawa ya kulevya inayoongoza nchini. Bhangi ndiyo imeenea zaidi, kuna mirungi, kuna heroini, na siku hizi kuna skanka na methamfetamini. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 Dar es Salaam na Iringa, na shehena hiyo ilikuwa heroini na methamfetamini. Kokeni kwa kawaida huingia kwa vipimo vidogo, mara nyingi ndani ya matumbo ya wasafiri wa ndege.

Lakini kokeni hufuata fedha, na fedha zimeifuata Dodoma. Serikali ilianza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, hadhi ya jiji ikaja Aprili 2018, na Julai 2024 treni ya SGR ikaanza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam kwa saa chache. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 3 katika mkoa huu. Zimekuja tenda, posho, nyumba za wageni, kumbi za starehe, na vijana wengi wanaoishi mbali na wazazi. Huko duniani nako, Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 zilizalishwa zaidi ya tani 3,700 za kokeni, na watumiaji walikuwa wapata milioni 25. Mzigo ukiwa mwingi kiasi hicho, wauzaji hutafuta wateja wapya, na mji unaokua una wateja wapya.

Jua kwanza ni dawa ipi

Mtaani vyote huitwa "unga". Hilo linaichanganya familia, kwa sababu heroini na kokeni hufanya kazi kinyume, na matibabu yake hayafanani.

Aliyetumia heroini hulegea. Husinzia amesimama, hujikuna, sauti inakuwa nzito, mboni za macho husinyaa zikawa ndogo kama tundu la sindano. Akiikosa hupata arosto: maumivu ya viungo, kuhara, kutetemeka, kamasi na machozi.

Aliyetumia kokeni huchangamka kupita kiasi. Mboni hutanuka. Anaongea bila kituo, hana njaa wala usingizi, anajiona anaweza kila kitu. Kisha, siku moja au mbili baadaye, anaanguka kitandani, analala mchana kutwa, anaamka na njaa, huzuni na hasira. Mzunguko huo wa kuwaka na kuzimika, pamoja na fedha zinazopotea bila maelezo, ndiyo dalili inayostahili kukushtua kuliko pua peke yake. Dalili hizi si hukumu, maana msongo wa mawazo na maradhi mengine ya akili huweza kufanana nazo. Kipimo cha mkojo hospitalini huweza kuonyesha kokeni kwa siku mbili hadi nne baada ya kutumiwa, na kwa anayetumia sana, zaidi ya hapo.

Inavyofanya mwilini

Ubongo hutoa kemikali iitwayo dopamini kila tunapofurahia jambo, kisha huirudisha ilikotoka. Kokeni huziba njia ya kurudia. Dopamini inarundikana, mtu anapata raha asiyoifanyia kazi, na kwa anayenusa raha hiyo huisha ndani ya nusu saa au saa moja. Ile inayovutwa kama moshi huisha kwa dakika chache tu. Ufupi huo ndio mtego. Mtu hurudia usiku huohuo mara nyingi, na kila anaporudia ubongo unazidi kuzoea, mpaka chakula, mpira, mtoto wake mwenyewe na mshahara havimpi furaha yoyote.

Upande wa moyo ndio unaoua ghafla. Kokeni huongeza mapigo, hupandisha presha na kubana mishipa ya damu kwa wakati mmoja. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba katika saa moja baada ya kutumia kokeni, hatari ya shambulio la moyo huongezeka mara 24, hata kwa watu ambao kwa kawaida wangehesabiwa kuwa salama. Kijana wa miaka 28 anaweza kupata kiharusi. Akichanganya na pombe, kama wengi wanavyofanya baa, ini hutengeneza kemikali nyingine, kokaethilini, inayokaa mwilini muda mrefu zaidi na kuuelemea moyo zaidi. Kwa mama mjamzito, kondo la nyuma linaweza kubanduka kabla ya wakati na kuhatarisha maisha yake na ya mtoto.

Kisha kuna akili. Matumizi ya muda mrefu huleta wasiwasi mkali: mtu anaamini mkewe amemwekea sumu, au wadudu wanatembea chini ya ngozi yake, naye hujikwangua hadi damu. Hapa ndipo familia nyingi hupanga safari kwa mganga. Sala na dua hazina ubaya, lakini mtu mwenye hali hii anahitaji daktari leo, kwa sababu anaweza kujidhuru au kumdhuru mtu asiye na kosa.

Akizidiwa usiku

Dalili za hatari ni maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mwili kuwaka joto, degedege, kuchanganyikiwa, upande mmoja wa mwili kulegea. Ukiziona, usingoje kukuche.

Mtoe kwenye joto na kelele, mlegeze nguo, mpoze kwa kitambaa chenye maji. Akipata degedege, mlaze ubavu na usimtie kitu mdomoni. Usimpe maziwa ya "kuua sumu", usimpe pombe "ashuke", usimfunge kamba. Mpeleke hospitali: kama uko jijini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoiita General, au Benjamin Mkapa. Aliye Mpwapwa, Kongwa, Kondoa au Manyoni aende hospitali ya wilaya, asipoteze saa kutafuta gari la kuja mjini moja kwa moja.

Ukifika, sema ukweli. Familia nyingi humwambia daktari "amekula kitu kibaya". Daktari akidanganywa anaweza kumpa mgonjwa dawa ya kushusha presha ambayo angeiepuka kama angejua kuna kokeni. Kazi yake pale ni kuokoa roho, na maneno matatu, "Daktari, katumia kokeni", yanaweza kuwa ndiyo tiba ya kwanza ya usiku huo.

Zungumza naye akiwa mtulivu

Usianze mazungumzo wakati amewaka wala siku aliyozimika. Subiri amelala, amekula, ametulia. Wasiwe watu kumi sebuleni. Achaguliwe mmoja anayemheshimu: mjomba, shangazi, dada mkubwa, au mama mwenyewe. Aanze na alichokiona, si na tusi: "Mwanangu, wiki hii hukulala siku tatu. Umeuza simu. Nakuona unavyohangaika. Sikukuita nikugombeze, nimekuita twende pamoja hospitali kesho asubuhi." Kauli ya namna hiyo ina tendo, ina siku, na inamwachia heshima yake.

Yapo mambo mawili ya kukataa bila kuyumba. La kwanza, usimlipie deni la muuza unga. Ukilipa mara moja, muuzaji amejua nyumba yako ina uwezo, naye atamkopesha tena. Kukiwa na vitisho, hilo ni suala la polisi. La pili, usimpe fedha taslimu. Mnunulie chakula, mlipie nauli, mlipie kodi kwa mwenye nyumba moja kwa moja. Mke ambaye mumewe anatumia ana haki ya kuulinda mshahara wake na kuwahamishia watoto kwa bibi yao endapo kuna kipigo. Kufanya hivyo si kumtupa mume.

Mirembe, Itega na nyumba za upataji nafuu

Mikoa ya kati ina jambo ambalo mikoa mingi haina: Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, iliyoanza mwaka 1927. Kwa bahati mbaya, nchi nzima imeligeuza jina hilo kuwa kejeli. Mtu akiropoka anaambiwa ametoroka Mirembe. Kejeli hiyo ina gharama. Wapo wazazi wanaoishi umbali wa bodaboda moja kutoka hospitalini, lakini wanamsafirisha mtoto mikoa mitatu kutafuta tiba ya kificho, wakiogopa jirani atawaona getini. Ndugu msomaji, acha aone. Hapo ndipo walipo madaktari na wauguzi waliosomea maradhi ya akili na uraibu, na kwenda kutibiwa si kujisalimisha polisi.

Chini ya mwavuli wa huduma hizo kipo kituo cha Itega kinachotoa methadoni. Tanzania ilianza huduma hii Muhimbili mwaka 2011, ikaenea mikoani, na hutolewa bure. Lakini elewa mpaka wake: methadoni hutibu uraibu wa heroini na wenzake wa jamii ya afyuni. Haitibu kokeni. Hadi sasa hakuna kidonge kilichothibitishwa kuchukua nafasi ya kokeni. Kinachosaidia ni ushauri nasaha wa mfululizo, unaomfundisha mtu kutambua kinachomchochea, iwe ni siku ya mshahara, rafiki fulani au baa fulani, na kujipangia la kufanya badala yake. Njia nyingine iliyofanya vizuri katika tafiti ni kumzawadia kwa kila kipimo safi cha mkojo. Familia inaweza kuiga wazo hilo nyumbani: vipimo vikiwa safi kwa mwezi, arudishiwe pikipiki aendeshe. Na kama anatumia vyote viwili, heroini na kokeni, jambo ambalo hutokea, mweleze mhudumu wa Itega, maana methadoni itatuliza moja tu.

Nyumba za upataji nafuu nazo zinasaidia, lakini usilipe kabla ya kuitembelea. Uliza kama imesajiliwa. Uliza daktari huja lini, na mgonjwa akizidiwa hupelekwa hospitali gani. Omba kuona wanapolala na jikoni. Ukiona minyororo, fimbo, au ukikatazwa kuzungumza na walioko ndani, geuza. Na ujue kwamba kurudia ni sehemu ya maradhi haya, kama presha inavyopanda tena. Akirudia, mrudishe kliniki, usimrudishe mtaani.

Mzigo wa mtu na chumba cha kupanga

Dodoma ni njia panda. Barabara ya kutoka Dar es Salaam hupita hapa kwenda Singida na Mwanza, na ile ya Iringa hupita hapa kwenda Kondoa na Arusha. Stendi ya Nanenane inapokea na kuondoa mabasi mchana na usiku. Kwa hiyo onyo hili linamhusu kondakta, bodaboda na abiria wa kawaida: mzigo usioujua usiubebe. "Kaka, mfikishie tu huyo mtu, atakupa hela ya maji" ni maneno yaliyowafikisha wengi kizimbani. Kifurushi kiandikishwe, mtumaji aache jina na namba ya simu, na akikataa kufungua ili uone, mrudishie.

Sheria haisemi biashara ya dawa za kulevya ni kuuza peke yake. Katika Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, kusafirisha, kuhifadhi, kugawa na hata kumpa mtu vinaingia humo. Kwa marekebisho ya 2017, aliyetiwa hatiani kwa kokeni inayozidi gramu 200 hukabiliwa na kifungo cha maisha, na dhamana kwa kesi ya uzito huo imefungwa. Chini ya kiwango hicho, biashara hiyo inaweza kumpa mtu miaka 30. Gramu 200 ni uzito mdogo kuliko robo kilo ya sukari.

Mwenye nyumba naye asome hapo. Anayeruhusu chumba chake kitumike kwa shughuli hiyo ana kosa lake mwenyewe. Andikisha wapangaji kwa mwenyekiti wa mtaa, na ukiona watu wanaingia na kutoka kila dakika kumi usiku, piga simu. Namba ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni 119, bila malipo. Tangu 2015 kuna pia sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Lakini toa taarifa ya ulichokiona, si ya unayemchukia.

Kesi hushinda au hufa mikononi mwetu

Wananchi hulalamika kwamba vigogo wa unga wanaachiwa. Wakati mwingine chanzo ni rushwa. Ndugu wawili wa Mombasa, Baktash na Ibrahim Akasha, walipopelekwa Marekani Januari 2017 na baadaye kukiri makosa ya dawa za kulevya, ilielezwa mahakamani huko New York jinsi walivyowahonga maofisa wa Kenya, wakiwamo wa mahakama, ili kuikwepa sheria. Baktash alifungwa miaka 25, Ibrahim miaka 23. Kesi ya Marekani ilifika mwisho kwa sababu ilitoka nje ya mikono waliyokuwa wameinunua.

Lakini mara nyingi kesi hufa kwa uzembe mdogo zaidi. Mahakama ya Rufani, katika uamuzi uliotolewa hapahapa Dodoma kwenye rufaa namba 110 ya mwaka 2007, ilieleza kwamba lazima kuwe na kumbukumbu za mfuatano kuhusu kielelezo: kilikamatwaje, nani alikitunza, nani alikipokea, kilipimwa wapi, hadi kinapofikishwa mbele ya hakimu au jaji. Uamuzi ule haukuhusu dawa za kulevya, ila mawakili wa kesi za dawa hizo huutaja mara kwa mara, kwa sababu unga ni unga: bila kumbukumbu, nani ataapa kwamba uliopimwa na Mkemia Mkuu wa Serikali ndio uliotoka chumbani mle? Kamba hukatikia pabovu.

Wewe mwenyekiti wa mtaa au balozi ndiye shahidi huru anayeitwa usiku polisi wanapopekua. Nenda. Simama mahali unapoona mikono ya wapekuzi. Hesabu kete pamoja nao, tazama zinavyofungwa na kutiwa lakiri, soma hati ya ukamataji kabla ya kusaini, na usisaini ulichoonyeshwa kituoni kana kwamba ulikiona chumbani. Ukisaini uongo, unaweza kumfunga asiye na hatia, au kumwachia mwenye hatia siku utakapohojiwa ukajikanyaga.

Familia ya mtuhumiwa nayo ina wajibu. Tafuteni wakili mapema. Msishangae mshtakiwa akiambiwa mahakama ya chini asijibu chochote: kesi nzito za aina hii husikilizwa na Mahakama Kuu, divisheni ya rushwa na uhujumu uchumi, na mahabusu inaweza kuwa ndefu. Atakayekuja na habari ya "hela ya kulainisha faili" ni tapeli au mla rushwa, na mtoaji hushtakiwa kama mpokeaji. TAKUKURU hupatikana kwa 113. Wala msitegemee utetezi wa kwamba alikuwa amelewa. Kanuni ya Adhabu kwa kawaida haiukubali kwa aliyelewa kwa hiari. Ikiwa akili yake kweli imevurugika, wakili aiombe mahakama impeleke Taasisi ya Isanga, hapa Dodoma, akapimwe akili.

Kwa aliyeahidiwa safari

Neno la mwisho ni kwa kijana asiye na kazi ambaye mtu mkarimu amemwahidi pasipoti, tiketi ya São Paulo na dola elfu kadhaa akirudi. Huyo anatafuta punda wa kumbebea dawa tumboni. Kete unayomeza ikipasuka tumboni, kiasi kinachomwagika kinatosha kukuua kabla ndege haijatua. Ukikamatwa Brazil, sheria yao inaanzia miaka 5 hadi 15. China bara, makosa haya yanaweza kufika adhabu ya kifo. Hong Kong walijaa Watanzania wengi gerezani kiasi kwamba padri wa magereza, John Wotherspoon, alianza mwaka 2013 kuchapisha barua zao za kuwaonya wenzao nyumbani wasibebe. Aliyewatuma hakuwapo kizimbani.

Kama unasoma haya na tayari una siri ya namna hii nyumbani kwako, anza na hatua moja kesho: mwende pamoja kwa daktari mkaseme jina la dawa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kliniki ipo, namba ya simu ipo, sheria ipo. Kilichobaki ni mtu mmoja katika familia aamue kuwa wa kwanza kusema.